Shaurianeni Kabla ya Kuahidi: Nasaha kwa Mke na Mume Wanaotumikia Kijiji

Wanangu mlioanza nyumba, nanyi wenzangu mlio na nyumba za siku nyingi, nasaha hizi nawaandikia mkiwa wawili. Simwandikii mume ampelekee mkewe amri, wala simwandikii mke amsomee mumewe makosa. Zisomeni pamoja jioni, chakula kikiisha, na kila neno mlipime kwa maisha yenu wenyewe.

Katika mkoa wetu wa Singida hakuna kaya inayoishi kwa mikono yake peke yake. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na iko miaka inakatika katikati, mtama ukiwa bado unahitaji maji. Uwele, mtama, alizeti na dengu vinategemea miezi hiyo michache. Anayeugua wakati wa palizi hupoteza chakula cha mwaka mzima majirani wasipoingia shambani mwake. Madarasa mengi ya vijijini kwetu yana mawe na matofali yaliyosombwa na wazazi, na zahanati nyingi zilianza kuwa maboma yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi hadi usawa wa renta, ndipo halmashauri ikaja kupaua na kumalizia. Kwa hiyo kujitolea kwetu ni sehemu ya riziki. Kijiji kisichojitolea huzika watu wake mapema.

Hata hivyo, wako watu wanaotumikia kijiji huku nyumba zao zinalia, na wako waliofunga milango yao wakidhani wanazilinda familia zao. Makundi yote mawili yamekosea njia. Neno langu kubwa ni hili: huduma njema kwa kijiji hutoka katika nyumba yenye mashauriano. Mkishauriana, mtakachotoa kitakuwa chenu nyote wawili. Msiposhauriana, mmoja atakuwa anatoa na mwenzake ananyang'anywa.

Mfano wa Nkungi

Mwaka 2003 mke na mume wastaafu kutoka mji mdogo wa Union, jimbo la Iowa nchini Marekani, walifika katika kijiji cha Nkungi hapa Singida. Ni Floyd Hammer na Kathy Hamilton. Walikuwa watu wa shamba, na mpango wao wa uzeeni ulikuwa kuzunguka dunia kwa mashua. Rafiki yao akawaomba waje kwanza kusaidia kukarabati jengo la kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Wakati huo dawa za kufubaza makali ya VVU zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure nchini Tanzania. Zilianza mwaka uliofuata. Ugonjwa uliwaondoa wazazi, na mabibi wakabaki na wajukuu na jembe moja.

Wageni wale walikuja kwa ajili ya jengo, wakakutana na njaa ya watoto. Mwaka 2004 wakaanzisha shirika la Outreach, likishughulikia chakula, maji salama, matibabu na elimu. Tarehe 15 Julai 2013 Rais Barack Obama, akiwa pamoja na Rais mstaafu George H. W. Bush, aliwakabidhi katika Ikulu ya Marekani tuzo ya 5,000 ya Daily Point of Light, inayotolewa kwa watu wanaojitolea. Kufikia siku hiyo shirika lao lilikuwa limegawa milo zaidi ya milioni 230 katika nchi zaidi ya 15, mingi ikifungashwa na watu wa kujitolea huko kwao.

Nautaja mfano huu kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba walibadili mpango wakiwa wawili. Mashua ilikuwa ndoto yao wote, na kijiji kikawa kazi yao wote. Kama mmoja angetaka bahari na mwingine Nkungi, zingevunjika safari zote mbili. La pili ni kwamba pakiti ya chakula haijipiki. Popote msaada unapofika, lazima awepo mama wa kijijini anayekoka moto alfajiri, awepo baba anayechonga mpini na kuchimba msingi, na pawepo nyumba iliyokwisha kumpokea yatima kabla mgeni hajaja. Hao hakuna tuzo iliyowafikia. Nasaha zangu nawaandikia wao, na ninyi mnaofuata nyayo zao.

Nasaha ya kwanza: Shaurianeni kabla ya kuahidi

Mwenyekiti wa kitongoji akikuomba uingie kamati ya ujenzi wa zahanati, mjibu kwa adabu: "Nimesikia, mwenyekiti, nashukuru kwa kuniamini. Nipe hadi kesho nizungumze na mwenzangu." Jibu hilo halimpunguzii mtu heshima. Linaonyesha kwamba nyumbani kwake kuna watu wawili wenye akili. Mama naye akiombwa kuwa mhudumu wa afya ya jamii, kazi ya kutembea nyumba kwa nyumba kufuatilia wajawazito na watoto wadogo, aseme vivyo hivyo.

Mkikaa kushauriana, ulizaneni mambo manne. Kazi hii itachukua siku ngapi za juma? Itatoa shilingi ngapi mfukoni mwetu, hata kama ni nauli ya bodaboda na vocha ya simu tu? Nani atabaki na watoto na mgonjwa wetu? Itakwisha lini? Jambo lisilo na majibu hayo manne bado halijaiva. Lirudisheni kwa mwenyekiti mkaulize zaidi.

Ahadi ni deni, na deni la mume hulipwa na mke pia. Isitokee mama akajua kwamba mbuzi wa nyumbani amechangwa kwa kusikia jina la mumewe likisomwa mkutanoni. Isitokee baba akajua kwamba debe la mtama limetoka kwa kulikuta ghala limepungua. Kitu kidogo kilichotolewa kwa siri huacha doa kubwa kuliko kitu kikubwa kilichotolewa kwa kauli moja.

Na mkikataa, kataeni pamoja. Usimwambie mwenyekiti, "Mimi ningekubali, ila mke wangu ndiye hataki." Umejitakasa kwa kumchafua mwenzako, na kesho atapita njiani watu wakimwangalia kwa jicho baya. Sema, "Tumezungumza nyumbani, tumeona mwaka huu hatutaweza." Neno "tumeona" ni ukuta wa nyumba yenu, msiubomoe.

Nasaha ya pili: Kazi ya nyumbani ihesabiwe

Baba akienda kufyatua matofali ya shule, kijiji kizima humwita mchapakazi. Maji ya kufyatulia matofali hayo yameletwa na nani? Mara nyingi yameletwa na akina mama, ndoo kichwani, kutoka kisimani au lamboni, baada ya kuteka ya nyumbani. Uji waliokunywa mafundi umekorogwa na nani? Ninyi mlio katika kamati, andikeni ndoo za maji na sufuria za uji katika daftari la michango, kama mnavyoandika mifuko ya saruji na tripu za mchanga.

Nchi yetu ilikwisha kulikubali jambo hili mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ikiwa jaji wa juu kabisa aliuona mchango wa jikoni, mume anayekula kutoka jiko hilo kila siku hana udhuru wa kutouona.

Kwa hiyo kujitolea kwenu kuanze kwa kugawana kazi za ndani. Siku mama anapokwenda kliniki kusaidia kupima watoto uzito, baba asonge ugali, achume mlenda, awaogeshe wadogo. Siku baba anapokwenda kuezeka, mama na vijana washike mifugo. Mwanamume aliyebeba ndoo kumwagia miche ya miti ya shule hawezi kuona haya kubeba ndoo ya kuogea mama mkwe wake aliyekuja kuuguzwa. Watoto wa kiume wakimwona baba yao akiosha sufuria bila manung'uniko, mtakuwa mmewafunza adabu ambayo hakuna mkutano wa hadhara utakaowafunza.

Nasaha ya tatu: Adabu ya nje isipite ya ndani

Nyumbani ndiko upole wa mtu hujulikana. Ukiwasalimia wazee wa kijiji kwa shikamoo ya heshima, kisha ukaingia ndani bila hata kumwuliza mwenzako ameshindaje, shikamoo yako ilikuwa ya kuonekana. Ukisikiliza malalamiko ya wanakijiji saa mbili nzima, kisha mwanao akianza kusimulia ya shuleni ukamwambia umechoka, umempa jirani kilicho haki ya mwanao. Rudini na sauti ile ile mliyokuwa nayo barazani. Ulizaneni habari za mchana. Kuleni pamoja inapowezekana.

Na hapa niseme wazi. Mtu anayepatanisha majirani mchana na kumpiga mkewe usiku hana anachokitumikia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 66, imetamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo. Sheria hiyo imepita nusu karne sasa. Anayesema kipigo ni mila, asisahau kwamba katika mila hizo hizo wazee walikaa chini wakawasikiliza mke na mume, na aliyekosa akatozwa. Mkigombana, semeni kwa sauti ya chumbani. Mkishindwa, tafuteni mtu mzima mmoja mnayemheshimu nyote, awe shangazi, mshenga, mchungaji au shehe, naye apewe nafasi ya kusikia pande zote mbili. Asiyekuwa salama nyumbani aende kwa viongozi na polisi bila kuchelewa, na jirani atakayemsindikiza amefanya huduma ya kweli.

Nasaha ya nne: Fuateni kalenda ya shamba

Kujitolea kuna msimu wake. Januari na Februari ni palizi, na jembe moja likikosekana shambani siku kumi, magugu hayasubiri. Miezi hiyo hiyo ndiyo maghala mengi huwa yamepungua. Mwenye shamba lenye magugu ana deni kwa watoto wake kwanza. Ninyi mlio viongozi, msiite msaragambo wa kuchimba mitaro wakati wa palizi, mkawatoza faini waliobaki mashambani. Kuanzia Juni, mavuno yakiisha, hadi Oktoba mvua zikikaribia, kiangazi kinawapa nafasi ya kufyatua na kuchoma matofali, kusomba mawe, kuchimba visima na kusafisha malambo. Kazi ya mawe ngojeni kiangazi. Kazi ya mvua iwe ni kumlimia mgonjwa, mjane na mama aliyejifungua, maana hiyo haiwezi kungoja.

Wakati wa kutoa nao ujulikane. Baada ya mavuno wanunuzi wa alizeti hufika hadi mlangoni, na bei huwa ya chini kwa kuwa kila mtu anauza. Kaya nyingi huuza kila kitu, zikabaki kununua unga kwa bei ya juu kuanzia Januari. Kabla gunia la kwanza halijatoka nyumbani, kaeni wawili mgawe: hili la kula hadi mavuno mengine, hili la mbegu, hili la ada na matibabu, na hili dogo la watu. Uwele na mtama, vikikaushwa na kuhifadhiwa vizuri, hukaa muda mrefu, na fungu dogo la watu lililotengwa Juni ndilo litakalomwokoa mjane mwezi Februari. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo nao unahitaji ghala lililopangwa.

Nasaha ya tano: Mali ya watu iwe na daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii wote twaijua, na bado vijiji vingi huvunjika vipande kwa sababu ya fedha ya mabati. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeuweka mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inatakiwa kutoa hesabu mbele ya mkutano huo. Nendeni wawili. Mama asibaki nyumbani akitegemea kusimuliwa, na akifika asikae nyuma kimya. Mapato na matumizi yakisomwa, ulizeni kwa adabu: fedha imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, risiti ziko wapi? Kuuliza hesabu ni haki yenu, na kiongozi mwaminifu hufurahi kuulizwa kwa sababu maswali humsafisha.

Mkipewa dhamana, jilindeni. Mume akiwa mweka hazina wa ujenzi, mke asiwe mtunza stoo wa ujenzi huo huo, hata kama nyote ni waaminifu kama malaika. Watu hawawezi kuona mioyo. Wanaona nyumba moja imeshika fedha na misumari. Katika vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Sanduku likilala kwenu, ufunguo usilale kwenu. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na maradhi, msiukope kwa haraka za nyumbani hata mkiwa na nia ya kurudisha kesho. Mifuko mitatu ya saruji iliyobaki baada ya ujenzi ni ya kijiji. Isikarabati kibaraza chenu.

Nasaha ya sita: Saidieni bila kuaibisha

Aliyepungukiwa bado ni mtu mzima, ana mlango wake na jina lake. Mkienda kumsaidia, bisheni hodi, ngojeni karibu, amkianeni, kaeni kitako. Msiangaze macho chunguni. Msiulize mbele ya watoto wake kama wamekula. Mkibeba unga, upelekeni jioni, na mkiulizwa njiani semeni mnakwenda kusalimia. Akiwa mzee, mwacheni naye awape kitu, hata kama ni kibuyu kidogo cha maziwa au mayai mawili ya kuku wake. Pokeeni kwa mikono miwili. Mtu anayeruhusiwa kutoa hubaki na hadhi yake.

Tunzeni siri. Mhudumu wa afya ya jamii na mwenzake wa nyumbani husikia mengi: nani anatumia dawa, nani amepoteza mimba, nani ana kifua kikuu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, lakini ulinzi wa kwanza ni ulimi wenu. Mume asimdadisi mke aliyetoka kumwona mgonjwa, na mke asimpe mume habari kuwa zawadi ya mazungumzo. Siri ya mgonjwa haiingii hata katika mto wa mke na mume.

Na simu hizi za mkononi, zitumieni kwa staha. Msimpige picha mjane akipokea debe la mahindi mkaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Sadaka iliyopigwa picha humfanya mpokeaji alipe kwa uso wake. Wema hauozi hata usipoonekana.

Nasaha ya saba: Watoto wajifunze kwa kuona, wasiwe mzigo wa wema wenu

Washirikisheni watoto katika huduma kwa kadiri ya umri wao. Wa miaka saba anaweza kumpelekea bibi jirani kijinga cha moto au maji ya kunywa. Wa miaka kumi na tano anaweza kusomba matofali siku ya Jumamosi. Lakini mtoto asikose shule kwa sababu wazazi wake ni watu wa watu. Binti, hasa, asigeuzwe mama wa nyumba kila mama anapokuwa kwenye kamati. Januari 2016 serikali iliondoa ada katika shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne. Kilichobaki mikononi mwa wazazi ni pamoja na chakula cha mchana shuleni, na hapa nawasihi sana. Mtoto anayetembea kilomita tano asubuhi, akakaa hadi saa nane bila kula, haelewi hesabu hata afundishwe na mwalimu hodari. Changieni mahindi na maharage mara baada ya mavuno, na mzazi asiye na kitu achangie kuni au siku za kupika, mtoto wake ale na wenzake bila kunyooshewa kidole.

Mkimpokea yatima wa ndugu au wa jirani, mpokeeni kwa kauli ya wote wawili, kisha mwiteni mwanenu. Sahani iwe moja. Sare zishonwe pamoja. Kazi zigawanywe sawa. Akikosea, msimkumbushe kwamba mlimwokota. Wazee wetu walilea watoto wa ukoo bila kuwa na shirika wala fungu, na wengi wa wanaotuongoza leo walikulia kwa shangazi na baba wadogo. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono mingi isiyopendana humvunja.

Nasaha ya nane: Wageni wapokelewe kwa ukweli

Mkoa wetu umepokea wageni wengi wa kujitolea, wamisionari, wauguzi na wastaafu. Hospitali ya Makiungu, ile ya Mtakatifu Gaspari kule Itigi na nyingine zilisimama kwa juhudi za watu wa dini waliotoka mbali pamoja na wenyeji wao. Adabu yetu kwa mgeni inajulikana: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpokeeni, mchinjieni kuku mkiweza, mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji ajulikane rasmi. Siku ya tatu mpeni jembe, kama walivyosema wazee. Mgeni aliyechimba msingi pamoja nanyi atawaelewa kuliko aliyekaa kivulini mkimwonyesha shida zenu.

Msiuze umaskini. Msiwavue watoto viatu ili waonekane wanahitaji viatu. Mgeni akisema anataka kujenga kitu ambacho hamkihitaji, mwambieni kwa upole kile mnachokihitaji. Akisema ataleta pampu ya maji, ulizeni vipuri vitapatikana wapi na nani atafundishwa kuifungua. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, visima na mabomba ya vijijini husimamiwa na vyombo vya watumia maji vya wananchi wenyewe, chini ya uangalizi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Kisima kikifa kwa kukosa mchango wa kununua kifaa kidogo, kosa hilo litakuwa letu, na aliyetuchimbia asilaumiwe. Lipeni shilingi za ndoo kwa wakati, nanyi mlio katika vyombo hivyo vya maji mzisome hesabu hadharani.

Mgeni akiondoka, mshukuruni kwa moyo mmoja, kisha mwendelee. Kipimo cha msaada wake ni kile mtakachokuwa mnakifanya wenyewe miaka mitano baadaye.

Nasaha ya tisa: Jueni kupumzika, jueni kukabidhi

Tengeni siku moja ya juma isiyo ya kamati. Iwe Ijumaa baada ya swala, iwe Jumapili baada ya ibada, iwe siku ya gulio mkirudi pamoja kwa miguu. Siku hiyo kijiji kiwaache, nanyi mkiache. Tembeleeni wakwe. Kagueni shamba lenu. Kaeni na watoto nje jioni upepo wetu wa Singida ukivuma. Wanandoa wasio na siku yao huanza kuonana mikutanoni tu.

Msigeuze wema kuwa kura. Uchaguzi wa serikali za mitaa huja kila baada ya miaka mitano, na aliyetumika vizuri akiombwa kugombea, agombee kwa haki. Lakini asimkumbushe mtu unga aliompa. Kitu kilichotolewa kikishadaiwa, kimekuwa mkopo, na mkopo usiotangazwa riba ni dhuluma.

Tena, wafundisheni wengine. Mama aliyeshika ufunguo wa stoo ya shule kwa miaka mingi amtafute kijana wa kumrithi akiwa bado ana nguvu za kumwelekeza. Baba aliyekuwa fundi wa kujitolea awaite vijana wawili kila anapopandisha ukuta. Kazi inayokufa na mwenyewe ilikuwa sifa yake. Kazi inayobaki ndiyo ya kijiji.

Wanangu, nimesema mengi, na huenda hamtayashika yote kwa mwaka mmoja. Shikeni la kwanza, na mengine yatafuata: kabla hamjamwahidi mtu yeyote kitu chochote, kaeni wawili mkaongee. Anzeni leo usiku. Ulizaneni ni jirani gani mtakayemsaidia msimu huu, kwa kitu gani na kwa siku ngapi, na nyumbani kwenu nani atabeba nini ili jambo hilo liwezekane. Mkikubaliana, asubuhi nendeni mkalifanye. Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu, avibariki vijiji vyetu, na awape mvua ya kutosha na mioyo ya kugawana mavuno yake.